Ini la Pweza Nililompa Babu Yako

Kitengela, Jumamosi, saa tisa alasiri

Mwanangu Sidi,

Sikuulizi hali, maana nimekuona leo asubuhi ukimaliza chapati tatu na kuuliza kama kuna nyingine. Wewe na mama yako mmekwenda Kajiado kuwaaga nyanya yako unayemwita koko na babu yako, mtarudi kabla ya giza, na mimi nimeachiwa nyumba, kuku wawili na paka anayewatazama hao kuku kwa namna nisiyoipenda. Kesho unaondoka. Nina kama saa tatu za kukuandikia jambo ambalo nimeshindwa kukuambia tangu ulipozaliwa.

Habari za blanketi, mafuta ya kujipaka, neti ya mbu na wanaume wa pwani, mama yako amekwisha kukueleza, tena kwa sauti iliyowafaidi na majirani. Mimi nataka kuzungumza juu ya ini la pweza.

Usicheke. Au cheka, lakini endelea kusoma.

Unakumbuka siku ulipopata barua ya kukuita ukajifunze kazi ya maabara kwenye kile kituo cha utafiti wa bahari. Uliisoma mezani, umesimama, ugali unapoa. Ukasema, "Baba, hebu sikia! Kazi yangu ya kwanza ni pweza! Wako na daftari za zamani, zinaonyesha pweza wa upande wa kusini walikuwa na zinki mingi ajabu kwa ini. Saa hii wakipima, haiko. Miaka miwili yote ni ya kutafuta bahari ilibadilika aje." Mama yako akapiga vigelegele. Mimi nikapaliwa, ukanipiga mgongoni, ukanipa maji, ukadhani ni furaha.

Bahari haijabadilika, Sidi. Zinki ile ilikuwa yangu.

Nianze na pweza mwenyewe, kwa sababu yeye hana hatia. Mtu anayemla pweza kule kwetu Kilifi hajui ana nini ndani, maana mpishi hukigeuza kile kichwa nje ndani kama soksi na kutupa vilivyomo. Kati ya vinavyotupwa kuna kitu laini, cha rangi ya kahawia, chenye mafuta. Wavuvi hukiita ini. Wasomi hukasirika kidogo wakisikia hivyo, kwa kuwa ini letu halifanyi kazi nyingi namna ile. Lake hutoa maji ya kuyeyushia chakula, hufyonza chakula kilichoyeyuka, huweka akiba ya mafuta, na juu ya hayo yote ni ghala la madini. Pweza hula kaa na chaza, nao kaa na chaza wamekula walichokula, na madini ya safari hiyo yote huishia hapo. Shaba anaihitaji: damu yake hubeba hewa kwa shaba, si kwa chuma kama yetu, ndiyo maana ni ya buluu. Zinki anaihitaji kiasi. Lakini kadimiamu, ile inayotiwa kwenye betri, kwake ni sumu tupu, na karibu yote imo kwenye ini. Hawezi kuitapika. Basi chembe za ini huikamata na kuifunga kwa protini, kama mtu afungavyo mbwa mkali kwa mnyororo. Madini mengine hufungiwa kwenye punje ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho. Mbwa yumo uani, lakini wageni wanaingia na kutoka salama, na ile mikono minane tunayoitafuna hubaki safi kiasi.

Sisi wa huku hatukujaliwa ghala kama hilo. Maji ya visima vya Kitengela na Kajiado yana floridi, nayo hukaa kwenye meno ya mbele, yakageuka rangi ya chai. Pweza anaweza kuficha alichokula maisha yake yote. Mtoto wa hapa akicheka tu, umejua kwao wanachota wapi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipofanya kazi katika kituo hicho unachokwenda. Unajua nilifanya kazi "baharini". Sikukuambia zaidi, na wewe ukaniona labda nikivuta nyavu. Nilikuwa msaidizi wa maabara. Kazi yenyewe ndogo, masharti yake makubwa. Anayepima madini haruhusiwi kukigusa anachokipima kwa chombo cha madini. Tulipasua kwa visu vya kauri. Maini tuliyaweka kwenye visanduku vya plastiki vilivyolowekwa asidi siku nzima na kusuuzwa mara tatu. Mkuu wetu, Daktari, mama mwembamba aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, alikuwa akivua hata pete ya ndoa kabla ya kuingia. Aliniambia siku ya kwanza, "Kazungu, visanduku hivi ni visafi kuliko roho yako. Vitunze."

Basi binamu yangu akaoa. Shangazi akahitaji vyombo vyenye vifuniko vya kuwapelekea pilau wazee wasioweza kufika. Mimi nilikuwa mtu mwenye cheo katika ukoo, niliyevaa koti jeupe. Nikasema, "Shangazi, vyombo ninavyo."

Vilirudi Jumatatu vikinuka bizari, na kimoja kilikuwa na nusu ya ndimu. Asubuhi hiyo hiyo wavuvi wa kusini wakaleta pweza kumi na wawili, na jua lilikuwa kali. Ningeweza kuwaambia wavuvi wangoje. Ningeweza kumwambia Daktari. Badala yake niliwapasua wote kwa utaratibu mzuri, kwa kisu cha kauri, nikayatia maini kumi na mawili kwenye ndoo ya mabati yenye maji ya bahari, nikaketi kusugua visanduku kwa sabuni mpaka alasiri. Unajua ndoo ya mabati imepakwa nini, Sidi? Nakuona umeshajua.

Majibu yalitoka baada ya wiki kadhaa. Daktari alikuja mbio ukumbini, miwani yote miwili ikiwa kichwani. "Kazungu! Hawa pweza wa kusini wana zinki kama paa la nyumba!"

Alikuwa amesema kweli kabisa bila kujua. Mimi nikajibu, "Ajabu, Daktari."

Alitununulia soda sote. Ni vigumu sana kukiri kosa ukiwa umeshika soda ya mtu uliyemkosea. Siku ya pili aliniita, akaniuliza kwa upole kama kulikuwa na jambo lolote tofauti siku ile ya kupasua. Nikasema, "Joto tu, Daktari." Mara ya tatu alinionyesha karatasi aliyokuwa akiandika juu ya pweza wangu, ili akaisome mbele ya wasomi wenzake, na chini kabisa alikuwa amenishukuru kwa jina kwa "uangalifu" wangu. Wiki hiyo niliacha kazi. Nilisema hewa ya bahari inaniumiza kifua, mimi niliyezaliwa hatua hamsini kutoka majini.

Nikatafuta mahali ambapo hakuna mtu angeniuliza habari za pweza maisha yangu yote. Nilichagua vizuri. Kitengela ya wakati ule ilikuwa safu moja ya maduka, upepo, swala wakivuka barabara, na ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unakuvua kiatu na kubaki nacho. Shule moja ilihitaji mtu wa kutunza maabara. Nilitunza vyura na chupa kwa amani kubwa. Watu waliniuliza kama bahari ina ng'ambo, nami nikawajibu kwa uhakika.

Ukitaka kunitetea kwa kusema nilifanya alivyofanya pweza, usifanye hivyo. Pweza hufungia sumu ndani yake mwenyewe. Mimi yangu niliiacha ndani ya daftari la watu, nikapanda gari.

Sasa ndipo anaingia mama yako, ambaye alikuwa akileta maziwa shuleni na kunisahihisha hesabu ya vibuyu. Unajua nilivyompenda, nimekuchosha kwa hadithi hiyo. Usichojua sawasawa ni siku ambayo babu yako alikuja hapa Kitengela na ndugu zake kunitazama, kwa sababu kila mtu huisimulia kwa namna yake na mimi huwaachia.

Mama yako alinionya mapema. "Ukichinja, kila kiungo kiko na mwenyewe. Ukimpa mzee kipande si yake, afadhali ungemtusi. Na samaki usilete. Wazee hawali samaki." Nikachinja kondoo, jirani akanisaidia kugawa, kila mzee akapata chake. Hapo ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimemwagiza binamu yangu aniletee pweza mzima kwenye barafu, kwa basi. Nilitaka wazee waonje kitu cha kwetu, na nilijiambia, kwa ule usahihi wangu unaoniponza, kwamba pweza si samaki: hana magamba, hana mwiba. Na kwa kuwa nilikuwa nimeona ini likitengwa kwa heshima, nikaona ni adabu kumtengea babu yako ini la pweza. Nikalichemsha kwa chumvi, nikalileta kwenye sahani ya maua.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ini, mzee. La mnyama wa kwetu."

"Ako na miguu ngapi?"

"Minane."

Mjomba wako Sironka, aliyekuwa kijana bado, akasema jambo kwa Kimaasai na wazee wote wakacheka. Mama yako amekataa kunitafsiria mpaka leo.

"Pembe?"

"Hana."

"Mfupa?"

"Hana pia, mzee."

"Damu?"

"Buluu."

Babu yako aliiweka sahani chini, akaitazama, akaichukua tena. Ni mtu wa adabu sana. Akakata kipande kwa kisu chake, akatafuna muda mrefu akiangalia ukuta, akameza. "Iko uchungu kidogo," akasema. "Kwa nini?"

Mtu mwenye akili angesema ndivyo alivyo, akamimina chai. Lakini yule msaidizi wa maabara ndani yangu alikuwa hajaulizwa swali la maana kwa muda mrefu.

"Ini hili ni ghala la madini, mzee."

"Madini gani?"

"Shaba. Zinki. Fedha kidogo."

Fedha ilimpendeza. "Ingine?"

"Kadimiamu."

"Hiyo ni dawa?"

"Hapana, mzee. Ni sumu. Wanaitia kwenye betri."

Mama yako alikuwa nyuma ya pazia, na alinieleza baadaye kwamba hapo ndipo alipoanza kumfikiria upya yule mwingine aliyekuwa na lori kule Namanga.

"Umenilisha betri," babu yako akasema.

"Kidogo sana, mzee. Kipande kile hakiwezi..."

"Sironka! Redio yangu inakula betri. Sasa na mimi nakula betri. Habari tutasikia wapi?"

"Kwa tumbo yako, baba," Sironka akasema. "Saa moja kamili."

Wazee walicheka mpaka mmoja wao akatoka nje kukohoa. Babu yako hakucheka. Alinyoosha kidole kwangu, akasema na ndugu zake kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Huyu mtu, mimi nilikuwa nimeshameza. Hakuna mtu angejua. Na bado amesema. Mtu kama huyu hawezi kunidanganya kwa maneno ya msichana wangu."

Ndivyo nilivyompata mama yako. Unajua desturi yao, kwamba aliyepewa kondoo na aliyempa huitana Paker, kutokana na neno lao la kondoo, tangu siku hiyo. Babu yako ananiita Papweza: sokoni, kanisani, hata mbele ya chifu. Watu wakiuliza maana yake, huwaeleza kuwa ni jina la mtu mkweli.

Miaka yote hii nimeitika jina hilo. Nilimpokea mama yako kwa mkono mmoja na sifa isiyo yangu kwa mkono wa pili, na kila mara nilipoitwa, nilikumbuka ndoo. Kisha wewe ukazaliwa na maswali yako. Ulikuwa na miaka saba uliponiuliza pweza ana mioyo mingapi, nikakwambia mitatu, ukauliza ule wa tatu ni wa nini. Mtoto wa namna hiyo hafichwi. Nilikufundisha kupasua, nilikufundisha chembe na protini, nilikufundisha kila kitu ninachokijua juu ya ini lile isipokuwa kimoja. Nilijiambia sijasema uongo. Wewe uliyafuata maneno yangu kama mtu anayefuata njia, na njia imekupeleka moja kwa moja mpaka kwenye daftari langu. Niliiona sahihi chini ya barua yako ya kuitwa. Daktari bado yupo. Bado anaitafuta zinki.

Wiki iliyopita, niliposema nakwenda kumwona fundi wa saa, nilikwenda Kajiado, siku ya mnada wa ng'ombe. Nilimkuta babu yako amemfungua fahali mdomo, anahesabu meno. Nikamweleza yote pale pale, kwa sababu niliogopa nikingoja amalize ningeghairi. Alisikiliza bila kuuacha mdomo wa fahali.

"Hiyo ndoo uko nayo bado?"

"Hapana, mzee."

"Ilikuwa ndoo mzuri?"

"Ya kawaida tu."

Akamgeukia mwenye fahali. "Huyu ako na miaka sita, na wewe umesema minne. Umeficha miwili tu. Ona Papweza hapa, ameficha ishirini." Yule mtu akacheka, na nadhani akapunguza bei.

"Mimi unaniambia kwa nini?" babu yako akaniuliza. "Mimi niko na daftari?"

"Nilitaka ujue ulikosea siku ile, mzee. Juu yangu."

"Sikukosea. Ile ya sahani ulisema kwa sababu nilikuwa nimekaa hapa, naangalia macho yako. Ile ya ndoo hakuna mtu alikuwa anakuangalia. Wewe unasema ukweli ukiangaliwa. Kuna watu hata ukiwaangalia hawasemi." Akauachia mdomo wa fahali, akajipangusa mikono kwenye shuka. "Mwambie msichana. Na usimwambie kwa barua ya kusoma kwa basi, akiwa Mtito, katikati ya safari. Hiyo ni kutoroka ingine."

Nilikuwa nimepanga hivyo hivyo, Sidi. Mtito kabisa.

Sina mafundisho mengi ya kukupa juu ya hili. Siku ya Jumatatu ile kosa langu lilikuwa na thamani ya pweza kumi na wawili na kukaripiwa mpaka saa kumi. Siku majibu yalipotoka lingekuwa soda moja zaidi. Sasa lina thamani ya miaka miwili ya mwanangu, na ya maisha ya kazi ya mwanamke aliyeniamini. Wewe pia utaharibu kipimo. Sijaona mkono usioharibu. Nakuomba tu uliseme kosa lako maini yangali ndani ya ndoo. Ukiona aibu, jua kwamba ile ya siku ya kwanza ndiyo ndogo kuliko zote utakazokuja kuziona.

Daftari lenyewe lina jalada la kijani. Mwandiko utautambua, zile saba zangu zenye mkia. Ni hesabu kumi na mbili zilizofuatana, pweza wa kusini, zinki. Zote ni za ndoo. Shaba na kadimiamu katika safu zile zile sidhani zimeguswa, lakini mimi si mtu wa kuulizwa tena, zipimeni upya.

Nilikuwa nimeandika karatasi nyingine, ya Daktari, nikidhani utampelekea. Nimeisoma mara mbili hapa mezani, na kila nikiisoma nakuona wewe umesimama mbele yake siku yako ya kwanza kazini, ukisubiri amalize kusoma, ukitazamwa kwa kosa lililofanyika kabla hujazaliwa. Nimeichana. Ukiniruhusu, kesho nitasafiri nawe. Nitaingia kwanza mimi, niseme yangu, kisha wewe uingie na lako, na usijulishwe kwa jina langu mpaka utakapopenda mwenyewe. Usiponiruhusu, nitangoja wiki moja, nije peke yangu.

Mama yako hajui bado. Nitamwambia leo, wewe ukiwapo, kwa sababu nahitaji watu wawili wa kunitazama.

Geti limelia. Nawasikia, mama yako anakwambia usiingie na viatu vya tope. Barua hii nakupa mkononi. Isome papa hapa, pole pole, nami nitakaa kiti cha mbele yako mpaka ufike mwisho. Ukimaliza, niulize chochote.

Baba yako,
Kazungu